Uso Juu ya Suti

Ndugu yangu hakuwahi kuvaa suti maisha yake yote. Suti anayovaa ukutani kwetu alivalishwa na mpiga picha baada ya kufa, kwenye kompyuta, katika kibanda kimoja karibu na soko. Mama hakuwa na nguvu ya kuchagua, kwa hiyo nilichagua mimi: suti nyeusi, shati jeupe, tai nyekundu. Nyuma yake mpiga picha aliweka maporomoko ya maji na mawaridi ambayo sijayaona popote hapa Likasi. Ndivyo wafu wetu wanavyotengenezwa siku hizi. Mtu aliyeishi kwa kutengeneza baiskeli anaingia kilioni amevaa kama waziri, na hakuna anayecheka, kwa sababu kila nyumba ina wa kwake.

Kwetu picha ile ilipewa kazi kubwa kuliko kwingine. Ndugu yangu alikuwa mchimbaji, kreuzeri kama tunavyowaita, na shimo lilimfunika yeye na wenzake huko nje ya mji. Watu walifukua kwa koleo na kwa mikono mpaka udongo ukaanza kuwashukia wao wenyewe, wakaacha. Padri aliwaombea pale pale ukingoni. Jeneza halikuwapo. Nyumbani, chini ya turubai, mahali ambapo jeneza lingekaa tuliweka kiti, tukakitandika kitenge, na juu ya kiti tukaiweka picha. Watu waliingia, wakaiinamia, wakalia. Mama alikaa chini kando ya kile kiti siku zote za kilio, mkono wake umeshika mguu wa kiti.

Najua mtu atauliza kama kweli, katika zama hizi za simu, kijana anaweza kufa bila picha. Anaweza. Simu yake ilikuwa mfukoni mwake, kadi yake ya mpiga kura pia, na yeye mwenyewe aliko tunakujua. Kwenye Facebook alikuwa ameweka sura ya mchezaji mpira wa Ulaya. Albamu ya nyumbani ililowa mwaka bati liliponyanyuliwa na upepo, kurasa zikagandana. Iliyookoka ni picha moja ya ubatizo, ana miezi michache, amelala mdomo wazi, anafanana na watoto wote wa dunia. Hii ya suti ilitoka kwenye simu ya rafiki yake. Ilikuwa picha ya timu ya mtaa, na yeye amesimama mstari wa nyuma kabisa, pembeni, uso wake hauzidi punje ya hindi. Mpiga picha aliukata uso ule, akauvuta, akauvuta tena, mpaka ukaenea juu ya kola.

Aliponionyesha alichokifanya nilitaka kumrushia usoni. Suti ilikuwa safi, unaweza kuhesabu vifungo, unaona hadi mshono wa begani. Uso juu yake ulikuwa ukungu. Macho yalikuwa madoa mawili, pua kivuli, mdomo mstari uliofutika. Mimi nauza nguo za mitumba, jicho langu ndilo linalonilisha. Nikifungua balo la nguo naona tundu la sindano kwenye kwapa la shati kabla mwenzangu hajaliona shati lenyewe. Nilimwambia huyu si ndugu yangu, huyu ni mtu yeyote. Hakukasirika. Alisema simu iliyopiga ilikuwa mbovu, na kitu ambacho hakimo ndani ya picha yeye hawezi kukitia. Kisha akasema neno ambalo nililichukia kuliko ile picha.

"Mutamuzoea tu."

Tukamzoea. Baada ya kilio tulimtundika sebuleni, mkabala na mlango, juu ya redio ya baba. Miezi ikapita, ikaja misa ya mwaka, ikapita nayo, na siku moja ambayo siwezi kuitaja ni ipi, picha ile ikawa safi. Sisemi kwamba tulivumilia. Nasema ilikuwa safi. Nilikuwa namwona machoni, nikaliona lile jicho la kushoto lililokuwa likifumba kidogo akitaka kucheka. Mgeni mmoja, mwanamke wa kundi letu la sala, aliwahi kuuliza kwa nini hatukutafuta foto nyingine inayoonekana vizuri zaidi. Nilimjibu vibaya. Nilidhani ana macho mabovu, tena nilimwambia hivyo, na hajakanyaga tena kwetu.

Mama alikuwa na desturi yake. Asubuhi, kabla ya kuwasha makaa, alisimama mbele ya picha, akafuta kioo kwa pindo la kitenge, akamsalimia: "Bonjour, mutoto yangu." Halafu ndipo siku yake ilianza. Baba hakuwa na desturi yoyote. Baba alifanya kazi kiwandani mpaka uzee wake, na tangu lile shimo alikuwa anafungua redio na kukaa chini ya mwanawe bila kuinua kichwa.

Kiangazi cha kwetu kina vumbi lake. Malori ya madini yanapita, watu wanachoma nyasi vilimani, moshi unashuka, na kuanzia mwezi wa saba mji mzima unaonekana kana kwamba umefunikwa chandarua. Mtu akisema haoni vizuri anaambiwa ni vumbi, naye anakubali. Mama alisema ni vumbi. Alianza kufuta kioo mara mbili, kisha kwa kitambaa chenye maji, kisha kwa sabuni. Mvua zikaja, hewa ikaoshwa, vilima vikatoka tena mahali pake, na mama akaendelea kusema ni vumbi. Wala sikushtuka. Bukari yake, ugali wetu, haikuwa na donge, chumvi haikuzidi, watu aliwataja kwa majina kabla hawajafika mlangoni. Alikuwa anawatambua kwa mwendo na kwa kikohozi, lakini hilo nililijua baadaye.

Niligundua kwa njia ya kijinga. Nilirudi sokoni mapema, nimechoka, nikasimama uani bila kusema kitu, natazama anavyochambua mboga za lengalenga. Akainua kichwa, akanitazama usoni kabisa, akaniambia kwa ile sauti yake ya wageni, "Karibu, mama, kala." Yaani nikae. Kwanza nilikasirika, nikadhani ananisuta kwa jambo fulani. Halafu nikaelewa. Mwanamke aliyenizaa alikuwa ananitafutia kiti cha mgeni.

Nilimwambia jioni ile kwamba tutaenda Lubumbashi, kwenye hospitali moja ya masista wanaopasua macho. Nilijitayarisha kwa ugomvi, kwa sababu mama hapendi hospitali. Hakugombana. Alikuwa amekaa ameelekea ukuta ule, na alisema polepole, kama mtu ambaye amekwisha kulipanga siku nyingi:

"Njia naweza kupapasa. Sahani naweza kupapasa. Hata weye naweza kukupapasa uso nikajua ni weye. Ni yeye njo siwezi kupapasa, ni kioo tu. Tangu zamani niko namuona mu moshi. Minye nataka macho juu ya kumuona yeye sawasawa, mara moja, mbele nikufe."

Nikamwambia atamwona. Niliahidi bila hata kufikiri, nikiwa nimesimama chini ya picha hiyo hiyo, ninaiona vizuri, na kila kitu kimo.

Lubumbashi tulikaa kwa mama mdogo, dada yake mama, muda mrefu kuliko tulivyotazamia, kwa sababu walipasua jicho moja, wakasubiri lipone, ndipo wakapasua la pili. Muuguzi aliyempokea alimpima akakunja uso, akaniuliza mimi, si yeye, kwa nini tumengoja mpaka mtoto wa jicho akakomaa namna ile. Nikasema hakulalamika. Nilikuwa nangojea anigombeze. Lakini alinieleza jambo, kwa utulivu, huku anaandaa matone. Alisema mtu ambaye ukungu unamwingia kidogo kidogo hauoni ukungu. Jicho linapeleka kichwani kitu kilichofifia, na kichwa, kikishapokea kitu kilichofifia siku baada ya siku, kinaanza kukihesabu kuwa ndicho kilicho safi. Kinasogeza kipimo chake. Ukimwonyesha mtu huyo kitu kilicho safi kweli, ataona kimezidi, kina makali, kinamchoma. Alisema si kwa wagonjwa tu. Hata mwenye macho mazima, ukimkalisha mbele ya picha iliyofifia, baada ya kitambo ataanza kuiona nzuri.

Niliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Nilidhani tunamzungumzia mama.

Walipofungua bendeji ya pili, ilikuwa hivyo hivyo alivyosema muuguzi. Mama alilalamika kwamba dunia ina makali. Majani ya mti wa uani yalimkera kwa sababu kila jani lilikuwa peke yake. Alimtazama dada yake kwa muda, akamuuliza amezeeka lini, na mama mdogo, ambaye hajawahi kusamehe neno kama hilo, alicheka mpaka akakaa chini. Aliitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza, akaificha ndani ya kitenge. Lakini baada ya siku chache akatulia. Alisoma misale bila kuisogeza puani. Aliona uzi uliokuwa umetoka kwenye pindo la sketi yangu, akauvuta. Nilifurahi kwa namna ambayo sikuwa nimefurahi tangu kilio, na ninalisema wazi kwa sababu ilikuwa furaha ya kweli, hata kama haikudumu.

Mama mdogo alitaka tubaki tupumzike. Mama alikuwa amekwisha kufunga mzigo.

"Tuende," aliniambia. "Kuko muntu ananingojea."

Njiani alikaa dirishani na miwani yake myeusi ya hospitali, akisoma kila kilichoandikwa: majina ya makanisa, bei ya makaa, maneno ya hatari kwenye malori ya asidi. Alipoona vilima vya Likasi aliacha kusoma. Akafungua mkoba, akatoa kitenge chake kizuri, akakifunga juu ya kile cha safari, akajipaka mafuta usoni. Abiria mmoja akamtania, akamuuliza kama anakwenda kuolewa. Mama akajibu kwamba anakwenda kumwona mwanawe.

Kutoka kituoni tulitembea. Nilitangulia na mizigo kwa sababu nilitaka kufungua mapazia, asimkute gizani. Baba alikuwa kwenye kiti chake, redio inasema. Nikamsalimia, nikavuta pazia, mwanga ukaingia, nikageuka.

Suti ilikuwa suti. Niliona vifungo, niliona mshono wa begani. Juu ya kola palikuwa na doa.

Hakuna kilichokuwa kimebadilika. Jua halikuipiga, maji hayakuingia, hakuna aliyeigusa. Ilikuwa picha ile ile niliyotaka kumrushia mpiga picha. Ni mimi niliyekuwa nimekaa mbali nayo majuma mengi, nikitazama nyuso za watu walio hai, zenye macho na mdomo, na kipimo cha kichwa changu kilikuwa kimerudi mahali pake. Ndipo yale maneno ya muuguzi yakanifikia, nikasikia miguu ya mama kizingitini, anavua viatu kama mtu anayeingia kanisani. Nilifikiri nisimame mbele ya picha. Nilifikiri nizimie, nianguke, nifanye lolote. Nilisimama tu na mzigo mkononi.

Mama alivua miwani myeusi. Akasogea, akasema, "Bonjour, mutoto yangu," halafu akatazama. Akakamata pindo la kile kitenge kizuri, akafuta kioo. Akatazama. Akafuta tena, kwa nguvu, kuanzia juu mpaka chini. Kisha akaishusha kutoka kwenye msumari, akaibeba hadi mlangoni, kwenye jua, akaishika karibu, akaishika mbali. Alifumba jicho moja, akafumba jingine. Nikamwona anaitazama suti, anaigusa tai kwa kidole, vizuri, mahali pake kabisa, kisha kidole kinapanda juu na hakijui kitue wapi.

"Iko vile tangu mwanzo?" aliniuliza.

Nikasema ndiyo, mama, tangu mwanzo.

"Na weye ulikuwa unaona hivi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa namwona vizuri. Hakunielewa, na sikuweza kumweleza. Alikaa kizingitini na picha mapajani. Hakulia. Afadhali angelia.

"Miaka yote hii niliomba Mungu anipatie macho," alisema. "Kumbe haikukuwa macho yangu."

Nilikwenda kwa yule mpiga picha siku iliyofuata, nikiwa na hasira za kutosha mtaa mzima. Kibanda kilikuwa kinauza vocha za simu. Alikuwa amehamia Kolwezi, na kompyuta yake, niliambiwa, ilikufa kabla hajaondoka. Yule rafiki wa timu simu yake ya zamani ilikwisha kuibiwa. Niliwauliza wote waliosimama kwenye ile picha waliobaki hai, nikawauliza walimu wake, katekista, jirani aliyepiga picha harusi zote za avenyu yetu. Mmoja alinionyesha bega. Kwenye harusi moja kulikuwa na bega la kulia na sikio ambalo labda ni la ndugu yangu.

Niliporudi na habari hiyo mama alikuwa amekwisha kuanza kutafuta mahali pengine. Alituita mimi na baba, akatuketisha, akatuuliza lile kovu la ndugu yangu lilikuwa wapi. Tulijua kovu gani. Alianguka na baiskeli akiwa kijana, amebeba gunia la makaa, akakatwa na waya. Baba, ambaye hazungumzi, alijibu mara moja: kwenye nyusi ya kulia. Nikasema hapana, nyusi ya kushoto. Mama akasema, "Ilikuwa ku kidevu." Kila mmoja alikuwa na hakika, na kila mmoja aliposikia hakika ya mwenzake, ya kwake ikaanza kulegea. Na mimi ndiye niliyemwosha siku ile. Beseni lilikuwa la bluu, lina ufa, maji yaligeuka mekundu na yakavuja taratibu kwenye sakafu, nikakanyaga. Beseni naliona mpaka leo. Kidonda siwezi tena kukiona. Nilimwona akiwa hai kila siku kwa miaka yote ya maisha yake, na ukungu wa ukutani ulirudi nyuma hadi siku zile, ukazifuta nazo.

Kwa muda picha ilikaa juu ya kabati, uso ukielekea ukuta. Mama aliwasha makaa bila kumsalimia mtu. Macho yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Aliona wadudu kwenye mchele, aliona baba amekonda, aliona mambo mengi ambayo ukungu ulikuwa umemhurumia asiyaone. Alikuwa mkali kwa sisi sote, nami nilikuwa mkali kwake. Kisha asubuhi moja nikaikuta picha imerudi kwenye msumari wake. Sikuuliza. Alisema mwenyewe, huku anapepea makaa, kwamba mtoto hakujifuta mwenyewe, kwa hiyo hakuna sababu ya kumgeuzia mgongo.

Salamu zikarudi. Pindo la kitenge likarudi kwenye kioo. Mimi niliapa kwamba safari hii sitazoea. Kila nilipopita pale nilijikaza: nilimtazama baba usoni, mikunjo, ndevu nyeupe, mboni, halafu nikainua macho haraka kwenye picha ili nione tofauti. Tofauti ilikuwepo, na iliniuma, na niliona ni haki yake iniume. Niliendelea hivyo mpaka mvua zikaanza. Halafu soko likachangamka, mabalo yakaja, nikawa natoka na kurudi na mawazo ya nguo, na nadhani kuna siku niliyosahau kujikaza.

Jumapili moja baada ya misa mama aliniita sebuleni. Alikuwa amesimama karibu na kioo, ameinamisha kichwa kidogo upande, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kabla ya shimo.

"Kuya uone," alisema. "Ile kovu ya ku kidevu. Unaiona?"

Nilisogea nikiwa na jibu tayari mdomoni, lile jibu ambalo mtu humpa mgonjwa. Nikamtazama ndugu yangu. Alikuwa na macho. Jicho la kushoto lilikuwa linafumba kidogo. Na chini ya mdomo, upande wa kulia, palikuwa na mstari mfupi uliong'aa kidogo kuliko ngozi nyingine, mahali ambapo mimi, niliyemwosha damu, sikuwahi kusema kwamba kuna kitu.

Nilifumba macho nikayafumbua, nikitaka upotee. Haukupotea.

"Naiona, mama," nikasema. Sikuwa namdanganya.